Wake Wawili na Jagi la Mkojo

Wanangu mnaoanza kazi ya uhudumu wodini, juzi mmoja wenu aliniuliza ni mgonjwa gani nilimwogopa kuliko wote. Nadhani alitegemea nitaje kichaa mwenye panga au mtu aliyeumwa na nyoka. Nikamwambia: mgonjwa wa ini mwenye tumbo la maji, aliyekaa kimya kitandani, anayekunywa uji vizuri, na ambaye hajakojoa tangu jana. Akacheka. Sikumlaumu. Na mimi ningecheka, siku zile nilipokuwa sijui kitu.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Nimekata mkonge Kilosa, nimekuwa utingo wa lori la mahindi, nimeosha sahani kwenye hoteli za barabara kuu hapa Mikumi. Sikukaa popote muda mrefu. Miguu ilikuwa ikiwasha. Hospitali nayo niliingia kwa kupita tu. Nikapewa ufagio, ndoo na buti za mpira, nikajiambia nikipata nauli naondoka. Kilichonishika ni maswali. Kila siku niliona kitu nisichokielewa, na mimi kitu nisichokielewa hunifuata hadi kwenye sahani ya ugali. Nilimchosha Sista Anjela, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume. "Sefu," alikuwa akisema, "wewe ungesoma, ungetuua kwa maswali." Lakini alijibu. Mengi ninayowaambia ni ya kwake.

Nilipoanza, mgonjwa wa tumbo la maji alikuwa kama sherehe. Tumbo limevimba, kitovu kimetoka nje kama kitufe, pumzi inabana. Daktari anachoma sindano ubavuni, anaunganisha mpira, maji ya rangi ya manjano yanashuka kwenye ndoo. Ndoo ikijaa tunaleta nyingine. Ndugu walisimama mlangoni wanashangaa na kushukuru. Mgonjwa alilala usiku ule kama mtoto. Nasi tulijiona mafundi.

Siku chache baadaye alikauka. Hakojoi, anaongea maneno yasiyounganika, kisha anazima. Ndugu walisema karogwa, maana si alikuwa amepona? Sista Anjela ndiye alianza kusema, kwa sauti ya kujiuliza mwenyewe, "Tumeyatoa yote kwa mkupuo." Baadaye daktari kijana akaja na utaratibu mwingine: maji mengi hayatolewi bila kumrudishia mgonjwa kitu kwenye mishipa, dawa ya chupa ndogo ya kioo iitwayo albumini. Kama chupa haipo, unatoa maji kidogo tu, ya kumpa pumzi. Ndugu hawakupenda. Walitaka kuona ndoo.

Na mjue hili, hata msiposhika lingine: mgonjwa wa ini asipewe zile dawa za maumivu za dukani. Nilimwona mtu kutoka Vidunda ameingia wodini anatembea mwenyewe, mgongo unamuuma, shemeji yake akamnunulia vidonge vya kutuliza kwa upendo kabisa. Figo zikafunga. Kwa hiyo mkifagia chini ya kitanda mkaona karatasi za vidonge msivyovijua, msizitupe. Mpelekeeni muuguzi.

Sasa nije kwa Mzee Kibwana.

Mzee Kibwana alikuwa mkulima wa mpunga Tindiga. Aliletwa tumbo limemtangulia, macho ya njano kama bizari. Ini lake lilikuwa limeliwa na kirusi cha homa ya ini, kile cha B, ambacho alikaa nacho miaka bila kukijua. Pombe hakuwahi kuonja. Jambo hili lilimuuma kuliko tumbo, kwa sababu kila mtu aliyeingia wodini alimtazama na kuona mlevi. Kitanda cha pili yake alilala Lukasi, mtu mzima mwenye mdomo usiopumzika, ambaye ini lake lilikuwa limemalizwa na gongo na hakuficha.

"Mzee mwenzangu," Lukasi alimwambia siku ya kwanza, "mimi ugonjwa huu nimeutafuta kwa bidii nikaupata. Wewe umepewa bure. Sasa nani ana bahati?"

Mzee Kibwana akacheka hadi akashika ubavu. Tangu hapo walikuwa marafiki.

Mzee Kibwana alikuwa na wake wawili. Bi Mwajuma, mkubwa, mwanamke mwenye maneno machache na mikono mikavu ya shamba. Bi Zena, mdogo, mwepesi, anayejua kupika chochote kwa chochote. Nyumbani waliishi kwa zamu: siku kwa huyu, siku kwa yule, kama inavyokuwa. Walipofika kumuuguza walileta zamu yao wodini. Leo Bi Mwajuma anamlisha, anamwosha, anakaa naye. Kesho Bi Zena. Mwenye siku yake hakuingiliwa. Asiye na zamu alikaa nje kwenye kibaraza na ndugu wengine wanaowapikia wagonjwa wao, na salamu zilikuwa kamili: "Shikamoo dada." "Marahaba." Basi, hakuna zaidi.

Daktari wetu alikuwa Dokta Halima, binti mdogo kwa umri lakini mtulivu. Alimwamkia mzee kila asubuhi kabla ya kumgusa. Alimwandikia vidonge vya kutoa maji, vile vya kumfanya akojoe ili tumbo lipungue, na akatuonya: vidonge hivi ni rafiki na ni adui. Figo zikivikubali, mgonjwa anakojoa, mnaendelea. Figo zikianza kuchoka, mkojo unapungua, navyo vinapaswa kusimamishwa haraka, la sivyo ndivyo vitakavyozimaliza.

Kwa kawaida wangepima damu kujua hali ya figo. Wiki ile vitendanishi, zile dawa za mashine ya kupimia damu, vilikuwa vimekwisha, tunasubiri vingine. "Kwa sasa macho yangu ni jagi," Dokta Halima akasema. "Kila tone lipimwe."

Kupima kulikuwa hivi. Mgonjwa anakojoa kwenye chupa, anayemuuguza anamimina kwenye ndoo yenye kifuniko chini ya kitanda. Asubuhi mimi nachukua ndoo, napeleka chumba cha kuoshea, namimina kwenye jagi lenye alama, naweka mahali palipo sawa, nainama hadi jicho liwe sawa na maji. Ukisoma kwa juu ukiwa umesimama, unajidanganya. Kisha napaza sauti, na Sista anaandika akiwa mezani kwake, upande wa pili wa wodi. Ndivyo tulivyofanya kwa wagonjwa wote, kwa sababu ukiwa na glavu chafu huwezi kushika kalamu. Wodi nzima ilisikia.

Lukasi ndiye aliyeugeuza utaratibu huo kuwa mechi ya mpira. Siku moja niliposoma kipimo cha Mzee Kibwana, akapiga kofi moja. "Jana ilikuwa ya bi mkubwa! Bi mkubwa anaongoza ligi!" Wagonjwa wakacheka. Kesho yake kipimo kikashuka. "Aaa, bi mdogo kafungwa nyumbani kwake! Mzee, mbona kwa huyu unakauka? Hakupikii?"

Mzee Kibwana mwenyewe alicheka. Bi Mwajuma, aliyekuwa akikunja shuka, alitabasamu kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. Bi Zena alikuwa dirishani, nje. Nilimwona akiinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha kitu.

Zamu yake iliyofuata kipimo kilipanda vizuri. Kisha cha Bi Mwajuma kikapanda zaidi. Lukasi akatangaza sare, akatangaza ushindi wa ugenini, akatangaza fainali. Dokta Halima alifurahi kwa njia yake, akasema, "Figo zinaitikia," na akaongeza vidonge.

Ila mzani. Kila asubuhi kabla ya uji tulimpima uzito, na uzito haukusogea. Mtu anakojoa vile, tumbo linapaswa kulegea. La Mzee Kibwana lilikuwa bado limekaza kama ngoma. Dokta Halima alilipapasa, akaligonga kwa vidole. Akamwuliza, "Mzee, unakunywa maji mengi?"

"Mama, hata chai naiona chungu."

"Nyoosha mikono mbele. Hivi. Kunja viganja kama unamsimamisha mtu barabarani."

Akanyoosha. Mikono ikatulia kidogo, kisha viganja vikaanguka ghafla na kuinuka, vikaanguka na kuinuka, kama ndege anayepunga bawa moja moja. Sumu ambayo ini haliioshi ilikuwa inapanda kichwani. Mkijifunza kuona mikono ile hamtaisahau. Dokta Halima aliandika, akatoka akitembea haraka kuliko kawaida.

Vitendanishi vikafika mchana ule. Majibu ya damu yakasema figo zimeshuka vibaya, na hazikuanza kushuka jana wala juzi.

"Haiwezekani," Sista Anjela alisema. "Mtu anajaza jagi."

"Damu haina sababu ya kunidanganya," Dokta Halima akajibu. "Sijui nini kinaendelea kwenye jagi. Simamisha vidonge vyote. Tumwekee mpira wa mkojo sasa hivi, tuone wenyewe."

Wakavuta pazia. Mpira ukaingia. Nikashika mfuko chini, nikasubiri. Kilichotoka ni vijiko vichache, vya rangi ya chai iliyochemka hadi ikasahauliwa jikoni. Tukasubiri. Hakuna kilichofuata. Mfuko ulining'inia mkononi mwangu mwepesi kama wa dukani.

Sista akafungua pazia. Wake wote wawili walikuwa wamesimama, maana habari ya mpira ilikuwa imetoka hadi kibarazani. Hakumfokea mtu. Aliuliza tu, "Zamu ya jana ilikuwa ya nani?"

Lukasi akainuka kitandani kutazama.

"Yangu," akasema Bi Zena. "Niliongeza, Sista. Niliongeza chai ya rangi. Haina sukari, nilihofu sisimizi wangeijia ndoo."

"Uliongeza kwenye ndoo?"

"Walisema kwangu anakauka. Kila asubuhi wanasema. Ningefanya nini?"

Bi Mwajuma alimtazama mke mwenzake. Nilidhani atampiga, na nikasogea. Akakaa chini kwenye sakafu, pale pale.

"Chai ya rangi," akasema taratibu. "Mimi niliweka maji ya bomba."

Nimeona mengi wodini, lakini sijawahi kuona sura kama ile ya Dokta Halima. Hakuwa na hasira. Alikuwa anahesabu kichwani vidonge alivyovipandisha kwa kuamini chai na maji ya bomba, na ni siku ngapi mzee ameachwa akauke. Kisha akavuta kiti, akakaa usawa wa Bi Mwajuma, akawaita wote wawili karibu.

"Mama zangu, mnalima mpunga," akasema. "Maji yakibomoa tuta la juu yakamwagika kwenye jaruba moja, majaruba ya chini yanakuwaje?"

"Yanakauka," Bi Zena akasema.

"Wakati maji yapo."

"Yapo, lakini si mahali pake."

"Ndivyo alivyo mzee. Ini limekuwa gumu, damu haipiti, maji yamemwagikia tumboni. Figo ziko chini, zinaona ukame, zimefunga mlango zihifadhi kidogo kilichopo. Zenyewe hazijaoza. Zimefunga tu. Na vidonge vyangu vilikuwa vinazidi kuvuta maji kutoka kwenye jaruba lililokauka."

"Zitafunguka?" Bi Mwajuma akauliza.

"Sijui, mama. Siku mbili hizi zitatuambia."

"Si kuna mashine ya kusafisha damu? Mpelekeni kwenye mashine."

"Mashine inafanya kazi ya figo. Lakini itatuachia ini lile lile, na figo zitafunga tena. Kuna dawa ya kukaza mishipa ya tumboni ili damu irudi kwenye figo, lakini inataka hospitali kubwa, mtu anaangaliwa saa zote. Nimewapigia. Wamesema tuanze na albumini, tutafute kama maji ya tumbo yana vijidudu, tumpe dawa ya vijidudu. Zisipofunguka, tunampandisha gari la wagonjwa, na njiani hali inaweza kuharibika. Nawaambia ukweli."

Alichukua maji kidogo ya tumbo kwa sindano. Yalikuwa na ukungu, na maji ya tumbo hayapaswi kuwa na ukungu. Vijidudu vilikuwemo, navyo ni moja ya vitu vinavyozifungisha figo za mtu wa ini. Dawa ikaanza.

Albumini ilikuwa Morogoro. Ikawekwa kwenye boksi la baridi, ikapakiwa basi, na mimi nikatumwa stendi kuipokea. Wanangu, nimesubiri mizigo mingi maishani, nimesubiri mishahara, nimesubiri wanawake. Sijawahi kusubiri kama vile. Basi lilipaswa kufika mchana. Halikufika. Nikampigia kondakta.

"Tuko mbugani, mzee. Tembo wamekaa barabarani."

"Wapigie honi!"

"Uje uwapigie wewe."

Nikazunguka ile stendi. Muuza mahindi ya kuchoma akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema bado. Kila gari lililotokea upande wa mbuga nililikimbilia, hata malori. Nikiwa pale nilipigiwa na Sista: mzee ameanza kulala sana, anaamshwa kwa shida, harakisha. Niharakishe nini? Nilikuwa na miguu miwili na barabara yenye tembo. Basi lilipoingia nilimnyang'anya kondakta lile boksi kabla hajafungua mlango vizuri, nikarukia bodaboda.

Mzee Kibwana alikuwa amefumba macho wakati chupa ikitundikwa. Kimiminika kilikuwa cha njano hafifu, kizito kidogo, na kiliposhuka kilitengeneza povu juu. Aliamka nusu, akauliza ni nini.

"Protini, mzee," Dokta Halima akasema. "Imetolewa kwenye damu za watu waliojitolea. Inayashika maji yakae ndani ya mishipa."

"Damu ya nani?"

"Hatujui. Watu wengi."

"Basi Mungu awalipe," akasema, akalala.

Siku iliyofuata hakujua yuko wapi. Alimwita Bi Mwajuma "Zena", akamwita Bi Zena "mama". Tulimpa dawa tamu ya maji ya kumfanya aharishe, maana sumu ile hutoka kwa njia hiyo, na kufua mashuka ikawa kazi ya siku nzima. Hapo ndipo nilipoona zamu imekwisha. Hakuna aliyetangaza. Mmoja alimgeuza, mwingine akavuta shuka. Mmoja alimlisha uji kwa kijiko, mwingine akashika kichwa. Bi Zena alipokwenda kufua, Bi Mwajuma alimfuata na sabuni.

Lukasi aligeukia ukutani. Nilimpelekea chai, hakuinywa. "Sefu," akasema, "mimi nilikuwa nachekesha tu." Nilimtandikia kitanda vizuri.

Dokta Halima alikuja mara nyingi, hata wakati ambao haukuwa wake. Hakumwangalia mgonjwa kwanza. Aliinama chini ya kitanda kuuangalia mfuko. Sote tulikuwa hivyo. Nilifagia sakafu ile ile mara tano ili nipite karibu. Mfuko ulikuwa na kile kile cha jana na ukungu wa mvuke. Daktari alikwishaongea na dereva wa gari la wagonjwa. Mafuta yaliwekwa. Alisema tutasubiri hadi kesho asubuhi, chupa ya mwisho iishe.

Asubuhi nilipoingia, wake wale walikuwa wamekaa sakafuni pande mbili za mfuko, hawagusi, kama watu wanaochunga maziwa yasifurike. Hawakunisalimia. Bi Mwajuma alinyoosha kidole tu.

Niliuondoa mfuko, nikamimina kwenye jagi pale pale, mbele yao. Safari hii sikwenda chumba cha kuoshea na sikupaza sauti. Nikaweka jagi juu ya sakafu iliyo sawa, nikalala kifudifudi jicho liwe sawa na maji. Rangi ilikuwa imepungua kidogo, inakaribia chai ya kawaida. Ilikuwa zaidi ya jana. Si nyingi. Kama ingekuwa siku za ligi, Lukasi angezomea.

Dokta Halima akafika, akapiga magoti kando yangu na koti lake jeupe. Akasoma. Akasoma tena.

"Bado ni kidogo," akasema, na nilisikia anavyojizuia asifurahi mapema. Lakini alikuwa amekwishatoa simu kumwambia dereva asubiri.

"Kidogo, ndiyo," Bi Zena akasema. Alikuwa ameushika mkono wa mke mwenzake bila kujua. "Lakini ni chake mwenyewe, daktari."

Juu kitandani Mzee Kibwana akafungua macho, akatuangalia wote wanne tulivyolala na kupiga magoti sakafuni tukitazama mkojo wake.

"Mwajuma," akasema, na safari hii alimtazama Mwajuma. "Hawa watu wamepoteza nini?"